Fermi, mtu mwenye aliuliza wengine wako wapi

Wandugu wa mine, na ba mama wenye kutusoma kule nyumbani, leo tunaleta maisha ya mtu mwenye hakukanyaga Katanga hata siku moja, lakini mawe ya Katanga yaliingia mu kazi yake. Jina lake Enrico Fermi, mtu wa Italia, mwalimu wa fizika. Watu mingi wanamjua juu ya bombe ya atomiki. Sisi tunamleta zaidi juu ya swali moja lenye aliuliza mezani, saa ya kula, mwaka wa 1950: kama nyota ni nyingi vile, na kama pengine kule kuna viumbe wenye akili kutupita, mbona hakuna mwenye amefika kwetu? Wako wapi?

Swali ni fupi. Njia yenye ilimfikisha pale ni ndefu, na inapita karibu na Likasi.

Fermi alizaliwa Roma tarehe 29 Septemba 1901. Baba yake Alberto alikuwa mtumishi wa reli, mama yake Ida alikuwa mwalimu wa shule. Haikuwa nyumba ya matajiri. Alikuwa na dada mkubwa, Maria, na kaka, Giulio, mwenye alimpita mwaka moja tu. Wale vijana wawili walikuwa sawa mapacha, pamoja walitengeneza motere ndogo za umeme kwa mikono yao. Mwaka wa 1915 Giulio alipelekwa kwa munganga apasuliwe uvimbe mdogo mu koo, jambo la dakika chache. Akafia pale pale. Enrico alikuwa na miaka 13.

Kijana akajificha mu vitabu. Roma iko soko moja, Campo de' Fiori, kwenye walikuwa wanauza vitabu vya zamani. Pale alinunua vitabu viwili vya fizika vya mwaka wa 1840, vyenye padri moja Myezuiti aliandika kwa Kilatini. Akavisoma kwanza mpaka mwisho. Dada yake alikumbuka kama mtoto alivutwa na mambo ya ndani mpaka hakuona hata kama ilikuwa Kilatini.

Soko lile liko na historia yake. Tarehe 17 Februari 1600, pale katikati, walimchoma moto Giordano Bruno, mtawa mwenye alifundisha kama nyota ni majua sawa jua letu, na yale majua yako na dunia zao zenye kukaliwa. Hawakumchoma juu ya neno lile peke yake, alikuwa na mashitaka mengine ya dini, lakini na lile lilikuwamo. Sanamu yake inasimama pale tangu 1889. Kwa hiyo Fermi alinunua vitabu vyake chini ya macho ya mtu mwenye alisema hatuko peke yetu. Hatusemi ilikuwa ishara. Soko ni soko, mtoto alikuwa anatafuta bei nzuri.

Mu 1918 akaingia chuo kikubwa cha Pisa, na mu 1922 akapata udokta. Mwaka wa 1926, mbele ya kufikisha hata miaka 26, tayari alikuwa profesa mu Roma. Akakusanya vijana wenzake, wakafanya kazi mu nyumba moja ya barabara ya Panisperna, na vyombo vyenye leo tungeona ni vya maskini. Mwaka wa 1934 wakavumbua jambo kubwa. Ndani ya kila kitu, ndani kabisa, kuna chembe ndogo inaitwa neutroni. Vijana wa Fermi walikuwa wanazitupa neutroni juu ya metali za kila namna ili waone nini itatokea. Wakaona kama neutroni ikipita kwanza mu parafini, ile nta ya mshumaa, inapunguza mbio, na ikipunguza mbio njo inaingia vizuri zaidi ndani ya atomi. Ni sawa golikipa: mpira wa kasi unampita, ule wa polepole anaukamata.

Walitupia na uraniumu vilevile. Wakaona mambo ya ajabu, wakadhani wametengeneza metali mpya. Walikosea. Ile atomi ya uraniumu ilikuwa imepasuka vipande viwili mbele yao na hawakuona. Ujerumani njo walikuja kuitambua mwisho wa 1938. Mpaka leo watu wanajiuliza ingekuwa namna gani kama Fermi angeona kweli ile mu 1934, wakati Mussolini alikuwa anatawala Italia na Hitler ameisha kuingia Ujerumani. Pengine kosa lile lilitupatia miaka ine.

Sasa ile serikali ya Mussolini ikatoa sheria za ubaguzi mu 1938, kupinga Wayahudi. Mke wa Fermi, Laura, alikuwa Myahudi. Walikuwa na watoto wawili, Nella na Giulio, huyu wa pili alichukua jina la ule kaka mwenye alikufa. Wakati uleule Fermi akapewa tuzo ya Nobel. Jamaa yote ikapanda treni kwenda Stockholm kuipokea, Desemba 1938, na hawakurudi tena kuishi Italia. Tarehe 2 Januari 1939 wakashuka mu New York. Mtu mkubwa wa nchi yake, akawa mkimbizi. Wenye walitoka kwao usiku na mtoto mgongoni watasema yeye alikimbia na falanga ya tuzo. Ni kweli. Lakini kukimbia ni kukimbia.

Hapa hadithi inageuka kuelekea kwetu. Shinkolobwe, karibu na Likasi yenye wakati ule iliitwa Jadotville, Union Minière ilikuwa imechimba radiumu tangu miaka ya 1920. Uraniumu ilikuwa karibu bure, ilifuata radiumu sawa pumba inafuata unga. Lakini mawe yale yalikuwa na utajiri wenye haukuonekana pengine duniani: mengine yalifika asilimia 65 ya uraniumu oksidi. Ninyi wenye kujua teneri ya mawe, mnasikia hesabu ile. Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasiyapate, na mu 1940 akapeleka karibu tani 1,200 mpaka New York, zikawekwa mu depo ya Staten Island. Zikakaa pale, hakuna mwenye aliuliza, mpaka Septemba 1942 wakati jeshi la Marekani lilikuja kuzinunua. Sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile yote ya bombe ilitoka Shinkolobwe. Watu wenye walichimba mawe, wakayabeba, wakayafunga mu mifuko, hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, wala kama yanadhuru mwili.

Tuseme na hii, maana mu vitabu vya Fermi haiko. Tarehe 9 Desemba 1941, mu stade ya Élisabethville, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière wenye walisimamisha kazi juu ya mshahara. Léonard Mpoyi, mwenye alisema kwa niaba ya wenzake, alikufa pale. Haikufika hata mwaka moja, mu stade ingine, ya Chicago, Fermi akawasha moto wake.

Ilikuwa tarehe 2 Desemba 1942. Chini ya viti vya stade ya zamani ya chuo kikubwa, mu chumba cha kuchezea mpira, walipanga matofali karibu 40,000 ya grafiti, yale makaa meusi ya ndani ya kreyo, na katikati yao uraniumu. Tabaka 57. Grafiti ilifanya kazi ya parafini, kupunguza mbio za neutroni. Atomi moja ikipasuka inatupa neutroni, zile zinapasua zingine, na moto unajiendesha wenyewe. Fimbo za kadmiumu zilikuwa zinameza neutroni ili moto usiruke. Fermi alikuwa anaamuru wavute fimbo ya mwisho kidogo kidogo, na kila mara anahesabu kwa regle yake kombo wapi mshale utasimama. Mshale ulisimama pale alisema. Karibu na saa sita ya mchana, fimbo moja ya usalama ikaanguka yenyewe, sababu iliwekwa chini mno. Kila mtu akashituka. Fermi akasema twende kula kwanza. Saa tisa na nusu kasoro dakika tano, moto ukawaka. Nguvu yake haikufika hata ya kuwasha lampe ya torche. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kufanya vile.

Kumi na sita Julai 1945, alfajiri, mu jangwa la New Mexico, wakajaribu bombe ya kwanza. Fermi alikuwa mbali karibu kilometa 16. Alikuwa ameshika vipande vya karatasi. Wakati upepo wa mlipuko ulimfikia, kama sekunde 40 nyuma ya mwanga, akaviacha vianguke. Vikasukumwa karibu metre mbili na nusu. Akapima umbali kwa miguu, akafanya hesabu kichwani, akasema nguvu ni sawa tani 10,000 za baruti ya TNT. Mashini zikasema baadaye kwamba ilikuwa zaidi ya mara mbili. Lakini mtu mwenye karatasi tu mkononi kukaribia vile, si mchezo.

Mwezi moja mbele yake, Fermi na wenzake watatu walikuwa wameulizwa na serikali kama inawezekana kuonyesha bombe kwa adui bila kuua watu. Walijibu hawaoni njia ingine kuliko kuitumia mu vita. Tarehe 6 Agosti ikaanguka juu ya Hiroshima. Jina la Fermi liko chini ya jibu lile, na hatuwezi kuliondoa sababu tunapenda akili yake.

Sasa tufike kwa ile akili, maana njo iko na faida kwa mtu wa kazi. Nyuma ya vita Fermi alirudi kufundisha Chicago. Alipenda kuwauliza wanafunzi maswali yenye yanaonekana hayana jibu, sawa hili: mu Chicago kuna watu wangapi wenye kazi yao ni kurekebisha sauti za piano? Mwanafunzi anasema sijui. Fermi anakataa. Unajua mji uko na watu karibu milioni tatu. Unaweza kukadiria nyumba, nyumba ngapi ziko na piano, piano inarekebishwa mara ngapi kwa mwaka, mtu moja anafanya ngapi kwa siku. Unazidisha, unagawanya, na unapata hesabu yenye haiko mbali na kweli.

Tufanye ya kwetu. Wanaume wangapi wa kinga wanaleta makala mu mji? Tuseme mji uko na nyumba 200,000 zenye kupika na makala, kila nyumba mfuko moja kwa mwezi. Ni mifuko 200,000. Kinga moja inabeba mifuko 3, mara 2 kwa juma, ni mifuko 24 kwa mwezi. Gawanya: kinga karibu 8,300. Hatukutoka nyumbani. Pengine ni 5,000, pengine ni 12,000, lakini haiwezi kuwa 200 wala milioni. Delege mwenye kujua hesabu ya namna hii, akiambiwa mezani kwamba falanga haiko, anaweza kuuliza tani ngapi zilitoka mwezi huu na teneri yake gani.

Turudi kwa Fermi. Mu Oktoba 1949 serikali ilimuuliza tena, mara hii juu ya bombe ingine kubwa zaidi, ya hidrojeni. Yeye na rafiki yake Isidor Rabi waliandika kwamba kitu kile hakina mpaka mu kuua, ni kibaya kwa upande wowote wa kukitazama, na kisitengenezwe. Rais aliamua kitengenezwe. Basi, mu kiangazi cha 1950 Fermi alikuwa Los Alamos, ule mji wa siri wa bombe, na yeye mwenyewe anasaidia kuihesabu. Tunamwacha na jambo lile. Watu wa kazi wanajua namna mtu anaweza kupinga kitu asubuhi na kukifanya mchana.

Siku moja akaenda kula pamoja na Edward Teller, Emil Konopinski na Herbert York. Gazeti moja la New York lilikuwa limechora sahani za kuruka zenye zinaiba mapipa ya takataka ya mji, wakacheka juu ya ile. Wakapita kwa mambo mengine. Kisha, katikati ya chakula, Fermi akauliza: wako wapi? Wote wakacheka, sababu kila mtu alitambua pale pale anasema juu ya nani.

York alikumbuka kama Fermi aliendelea na hesabu, sawa ile ya piano: dunia zenye kufanana na yetu ni ngapi, uzima unaweza kutokea mara ngapi, watu wenye mashini mara ngapi. Na hesabu ikamwambia kwamba tungepaswa kupata wageni zamani sana, na mara mingi. Teller, yeye alikumbuka kidogo tu. Ni hivi watu wanakumbuka meza moja.

Tujaribu sisi wenyewe. Ninyi mnajua mawe yanapita namna gani: tani 1,000 za mawe zenye asilimia 3 ya shaba ni tani 30. Konsantrateri inashika asilimia 80, zinabaki 24. Tanuru inashika 95, zinabaki karibu 23. Kila mlango unakata. Na nyota ni hivi hivi. Mu kundi letu la nyota kuna miliari 100 ao zaidi, yaani milioni elfu mara mia. Tuseme nusu ziko na planeti, zile dunia zenye kuzunguka nyota: miliari 50. Moja juu ya 10 iko na maji na joto la kufaa: miliari 5. Moja juu ya 100 inapata uzima: milioni 50. Moja juu ya 100 ya zile inafikisha viumbe wenye akili na mashini: 500,000.

Mataifa laki tano! Na njia haiko ndefu sana tukiipima na umri wa anga. Kundi la nyota liko na upana wa miaka 100,000 ya mwendo wa mwanga. Chombo chenye kwenda mara mia polepole kuliko mwanga kingelivuka kwa miaka milioni 10. Dunia yetu iko na miaka miliari 4 na nusu. Walikuwa na muda wa kufika, kurudi, na kufika tena.

Mwenye roho ngumu atasema uzima si moja juu ya 100, ni moja juu ya miliari. Basi hesabu inaanguka mpaka tunabaki sisi peke yetu. Hakuna mwenye kujua mlango ule unakata ngapi, maana tumeona mfano moja tu, na ni sisi.

Lakini kuna mlango mwingine, na York alikumbuka kwamba Fermi aliugusa pale mezani: muda. Wale laki tano hawakai siku moja. Wamoja wanazaliwa, wengine wamekwisha. Tuseme kundi la nyota liko na miaka miliari 10, na taifa moja lenye mashini linadumu miaka 10,000. Zidisha 500,000 na 10,000, gawanya na miliari 10: inabaki nusu. Nusu ya taifa, yaani karibu hakuna mtu, taa moja inazimika mbele ya ingine kuwaka. Wakidumu miaka milioni, wanakuwa 50 kwa wakati moja. Nyota ni zile zile, maji ni yale yale, hesabu yote inategemea kama watu wanajua kuishi na mashini zao bila kujimaliza. Na waliokuwa wanakula pale, kazi yao ya nyuma ya chakula ilikuwa nini?

Mu 1961 Mmarekani Frank Drake aliandika milango hii saba kwa formile moja, na wa mwisho njo muda huu. Tangu 1960 watu wanasikiliza mbingu kwa antene kubwa. Planeti za nyota zingine, zenye Fermi hakuona hata moja, leo zinajulikana zaidi ya 5,000. Sauti bado. Na Shinkolobwe, iko imefungwa kwa amri ya serikali tangu 2004.

Fermi hakufika mbali. Mu 1954 waganga walimfungua tumbo mu Chicago, wakakuta kansa ya tumbo yenye imeisha kutembea. Wengi wanasema ni ile kazi ya uraniumu. Hakuna mwenye anaweza kuhakikisha, na kwetu tunajua vizuri namna neno lile linatumika. Rafiki yake wa Roma, Emilio Segrè, alikwenda kumuona hospitali. Alimkuta amelazwa, anakula kwa mpira, na saa mkononi. Alikuwa anahesabu matone, ili ajue chakula kinaingia kwa mwendo gani. Alirudishwa nyumbani, akafa tarehe 28 Novemba 1954, miaka 53.